Mbwa wa Bibi Namkunda na Fisi Wakala

Hadithi, hadithi!

— Ije tuipokee!

Ije na nini?

— Na kapu lake kichwani!

Kapuni mna nini?

— Uongo tele, na chumvi juu!

Haya. Mmeitikia, ingawa nimesikia mmoja akiitikia huku anapiga miayo. Atakayelala nitamwamsha kwa kidole cha maji baridi, asije akaniambia sikumwonya.

Hapo kale, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana kama majirani, aliondokea bibi mmoja mjane milimani huko Upareni, jina lake Namkunda. Bibi Namkunda hakuwa na mali. Alikuwa na migomba yake, mafiga yake, na mbwa wake. Mbwa alimpa jina la Watasema, maana siku alipomleta akiwa kitoto, majirani walisema: "Mjane mwenyewe chakula hana, atalisha mbwa?" Bibi akajibu, "Basi huyu ni Watasema." Kila jioni akawa anamwita kwa sauti aje ale, nao majirani wakawa wanasikia.

Miaka ikaenda. Watasema akazeeka. Jicho moja likafumba, la pili likawa linaona ukungu mtupu. Ndipo Kalunguyeye akapata kazi. Kama hamumjui Kalunguyeye, ni kile kijinyama cha miiba, kikubwa kama chungwa, kikiogopa hujikunja mviringo. Aliishi uvunguni mwa Bibi akila mende. Asubuhi alitangulia njiani, chaka-chaka-chaka, na Watasema akafuata ile sauti ya miiba. Jioni chaka-chaka-chaka, wakarudi nyumbani.

Siku moja ikaja habari. Binti yake Bibi, aliyeolewa ng'ambo ya bahari, anamwita mama akakae naye, kwani magoti ya mama yamechoka kupanda mlima. Majirani wakasema, "Nenda, mama, ukapumzike. Huyo mbwa mwache. Mbwa mwenyewe kipofu!"

Bibi akawatazama. "Nimwache? Nilipofiwa, nyinyi mlikaa matanga, mkala, mkaondoka. Aliyebaki mlangoni pangu ni nani?"

Majirani wakainama wakawa wanachora chini kwa vidole vya miguu.

Basi wakashuka bandarini wote watatu. Lakini bandari ilikuwa na sheria yake. Meli ya watu haipakii wanyama. Wanyama wana meli yao, inayofuata nyuma, na hawapandi mpaka honi ilie, Daktari Korongo aje awapime. Wakati wa kungoja hukaa kwa wakala. Na wakala mwenye banda karibu na lango, mwenye koti na kofia, alikuwa nani? Semeni!

— Fisi!

Fisi huyo huyo. "Shikamoo, mama! Karibu, mama! Kwangu mnyama hulala kwenye mto. Nimevusha wengi mimi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika."

Hapo hakudanganya. Hakuna aliyewahi kurudi.

Bibi akavua kanga ya mabegani, akaitandika kizimbani ili mbwa alale na harufu yake. Akamshika Watasema masikio yote mawili. "Babaangu, mimi natangulia. Nitakungoja pale pale gatini." Kisha akamwinamia Kalunguyeye. "Na wewe, mdogo wangu, ndiye macho yake. Usimwache."

"Simwachi, Bibi."

Bibi akapanda meli huku analia, wala hakujificha.

Meli ilipopotea tu, Fisi akafunga lango kwa komeo, ga! Ua wake ulikuwa na ukuta mrefu, hata paka asingeuruka. Akaleta sinia limejaa. "Kula, mzee, kula!"

Kalunguyeye akashangaa. Bibi alikuwa ameuliza huko na huko kabla ya safari, na kila aliyejua alimwambia: mnyama wa melini asishibishwe, chombo kikiyumba atatapika. Sasa mbona huyu anamshindilia mwenzangu?

Fisi akambonyeza mbwa mbavu, bonye! "Bado."

Kesho yake, sinia jingine. Bonye! "Bado kidogo."

Kesho kutwa, sinia jingine. Bonye! Fisi akajilamba. "Eee! Sasa!"

Kalunguyeye akazunguka nyuma ya banda. Akaona msumari ukutani, na kwenye msumari imening'inia mikanda ya shingo. Wa ngozi. Wa kamba. Wenye kengele. Na mmoja mwembamba sana, wa mtoto wa paka. Miiba ikamsimama yote. "Alaa! Kumbe ng'ambo yenyewe ni tumbo la Fisi!"

Akarudi kizimbani mbio. Akamkuta Watasema ametia pua kwenye pindo la kanga.

"Ndugu yangu," mbwa akasema, "harufu inapungua. Bibi atakuwa bado ananingoja?"

Kalunguyeye akafungua kinywa amwambie ukweli, akakifumba. Utamwambiaje mzee kipofu neno kama hilo? "Anakungoja," akasema. "Ukisikia honi ya meli, bweka kwa nguvu zako zote, ajue unakuja."

Kisha akaenda pembeni, akajikunja, akalia. Alilia kidogo tu, maana kilio hakifungui komeo. Akafuta pua, akamwendea Fisi, aliyekuwa ananoa kisu, kwe-kwe-kwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unataka nini, we kitana?"

"Nimekuja kukupa hongera ya karamu."

Fisi akaacha kunoa. "Nani kakwambia kuna karamu?"

"Mjomba, mimi mtoto wa jikoni. Kisu kinanolewa, sufuria inasuguliwa, nitakosaje kujua? Sina ugomvi nawe. Mimi naomba kulamba sufuria tu."

Mlafi hudhani kila mtu mlafi. Fisi akaangua kicheko. "Hi-hi-hiii! Una akili wewe!"

"Lakini mjomba, utamla hivi hivi? Mbwa mzee yule, nyama yake kamba tupu."

"Nifanyeje?"

"Mnyama akifurahi, nyama hulainika. Ngoja honi ya meli. Akiisikia atajua anakwenda kwa bibi yake, atafurahi, atabweka. Akimaliza kubweka, nyama inakuwa laini, hata kibogoyo anatafuna."

Fisi akafikiri moyoni: Daktari Korongo naye huja honi ikilia. Lakini siku zote nikimwambia leo sina mnyama, hupita zake. "Haya, nitangoja."

"Na jambo jingine, mjomba. Leo umekunywa maji?"

"Bado."

"Usinywe! Kwetu mtu akialikwa karamu hagusi maji tangu alfajiri. Maji ni mwizi, hukaa mahali pa minofu."

"Hata funda moja?"

"Hata funda. Ukiyaona, yakimbie."

Nanyi mnacheka nini? Hamjawahi kukiacha kikombe cha maji siku ya harusi ili mpate nafasi ya pilau? Nawajua nyinyi.

Jua likapanda. Fisi akaketi kwa mkao wa kula, Kalunguyeye akaketi kando yake, akaanza kupika kwa mdomo.

"Tutaanza na vitunguu, mjomba. Chwaaa! Vinageuka rangi."

Udenda ukamtoka Fisi, cho, cho, cho. "Halafu, mpwa wangu?"

"Halafu tangawizi, mjomba. Tunaitwanga, tu, tu, tu!"

Udenda cho, cho, cho. "Halafu?"

"Halafu nyama, mjomba. Tunaikaanga mpaka mafuta yajitenge."

Udenda ukalowesha koti, ukalowesha magoti, ukafanya dimbwi. "Mpwa wangu, koo limekauka. Nipe japo tone."

"Maji ni mwizi, mjomba."

"Kweli, kweli. Maji mwizi."

Mara, puuuuuuu! Honi ya meli! Watasema akaruka, akasahau uzee. "Bwe! Bwe! Bwe! Bibi, nakuja! Bwe! Bwe! Bwe!"

Njiani, Daktari Korongo akasimama kwa mguu mmoja. Alikuwa na bakuli lake na miwani yake, na nyuma yake askari wa bandari, Nyati. "Fisi si husema hana mnyama? Nani anabweka?" Akagonga lango. "Hodi! Mkaguzi!"

Nyati hakungoja karibu. Alisukuma lango kwa bega, komeo likang'oka. Fisi kushikwa ghafla hivyo, akafanya anachofanya fisi yeyote akibanwa. Akacheka. "Hi-hi-hiii! Karibu, Daktari! Hi-hi-hiii!"

"Karibu, Daktari," naye Kalunguyeye akasema kwa unyenyekevu. "Sijui mjomba ana nini leo. Tangu asubuhi hajanywa maji."

Kweli tupu hiyo. Korongo akatazama udenda. Akasikiliza kicheko. Akajaza bakuli maji, akamsogezea. Fisi akaruka nyuma, mkia katikati ya miguu. "Yaondoe! Maji mwizi hayo! Yaondoe!"

Korongo akashika miwani. "Udenda unamtoka. Anacheka bila kichekesho. Anayakimbia maji. Jamani, kichaa cha mbwa!"

Nyati akainamisha pembe. Gubu! Fisi ndani ya kizimba kikubwa. Kacha! Mlango umefungwa.

Kalunguyeye akapumua. Lakini Korongo akageuka, huzuni imemwingia usoni. "Na hawa wawili wameishi naye. Nao lazima waingie karantini. Ng'ambo hawaendi."

Hee! Hilo Kalunguyeye hakulifikiria hata kidogo. Meli ikapiga honi ya pili, na Watasema mkia wake ulikuwa haujatulia. "Ndugu yangu, ndiyo tunakwenda?"

Kalunguyeye akapiga hesabu moyoni. Akisema Fisi ni mzima, Fisi atafunguliwa. Akinyamaza, Bibi atangoja gatini mpaka achoke. Na yeye ndiye aliyeahidi. Akatazama chini, akatazama kizimba kikubwa, kisha akajikokota hadi pale.

"Pole, mjomba," akasema, kila mtu anasikia. "Si kitu, utazoea. Mwenye kichaa hapewi nyama tena. Ni uji tu. Uji asubuhi, uji mchana, uji jioni, mpaka kufa."

"Uji?" Fisi akazishika nondo. "Uji mimi? Daktari, usinionee! Mimi si kichaa! Mimi mzima! Udenda huu ni wa hamu tu, nilikuwa nataka kumla yule mbwa! Na wale wengine nimewala wote nikiwa na akili zangu timamu! Nendeni mkatazame nyuma ya banda kama naongopa!"

Wote wakamgeukia. Hata Nyati aliacha kutafuna.

Korongo akaenda nyuma ya banda. Akarudi ameshika ule mkanda mwembamba, miwani ameivua. "Huyu nilimchanja kwa mkono wangu kabla hajaletwa hapa," akasema. "Nilimtakia safari njema." Akajipangusa macho kwa bawa. "Kama Fisi ni mzima, basi na hawa ni wazima. Wapakieni upesi. Huyo kizimbani atakwenda kwa hakimu."

Na hakimu, niwamalizie kabisa, alimpa Fisi kazi ya kufagia karantini maisha yake yote. Chakula ni uji.

Ng'ambo sasa. Gatini watu walikuwa wameshamzoea bibi mmoja aliyekuja kila ikitia nanga meli ya wanyama, akarudi mikono mitupu. Binti yake alimwambia, "Mama, nitakununulia mwingine." Bibi akasema, "Mwingine ni mwingine," na kesho yake akaja tena.

Siku hiyo kizimba kikashushwa. Watasema hakuona kitu. Alinyanyua pua tu, ikatafuta kulia, ikatafuta kushoto. Mara mkia ukaanza kupiga mbao, ta, ta, ta, ta! Bibi akasahau magoti, akakimbia, akaketi chini mbele za watu wote, akafungua mlango akamkumbatia mbwa wake, na Kalunguyeye katikati na miiba yake yote. Wakalia, wakacheka, wakachomwa.

"Mwanangu," Bibi akasema akimpapasa mbavu, "mbona umenenepa hivi?"

"Ni wakala, Bibi," akajibu Kalunguyeye. "Alimpenda kupita kiasi."

Ngano yangu nimeitua hapo. Ikikuenea ivae, ikikubana nirudishie nimpe mwenye mwili mdogo.

Na funzo? Funzo lipo, fungueni masikio. Fisi alidanganya maisha yake yote, akavaa koti, akaamkiwa na wakubwa. Siku aliyosema kweli, mara moja tu, siku hiyo hiyo akafungwa. Basi wanangu, kusema kweli kuna madhara makubwa, mtu asijaribu kwa pupa.

Haya. Nani amedokoa samaki wa kesho chunguni?

Mbona kimya?