Salamu Tatu za Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Tulieni, wadogo kwa wakubwa. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiamkiana kila asubuhi, aliondokea Hondohondo, ndege mzee mwenye mdomo mzito na pumzi fupi. Jirani yake alikuwa Bi Nguchiro, mwenye ulimi mwepesi. Bibi huyu alizaa watoto wanne, wakafa watatu. Akabaki na mmoja, jina lake Tunu.

Wakapatana hivi: Nguchiro achimbe, chaku chaku chaku, panzi waruke, Hondohondo awadake. Naye Hondohondo alinde mbingu, maana Tai alikuwa na njaa.

Mzee huyu alikuwa na ada ya ukoo wake: akikatizwa neno, huanza upya, tena kwa salamu. Basi Nguchiro akapunguza kasi ya kusema, Hondohondo akajikaza aharakishe. Maneno yao yakapokezana kama michi miwili katika kinu kimoja.

Siku moja shoga yake Nguchiro akamcheka. "We! Siku hizi wasema kama ndege mgonjwa. Umezeeka?"

Nguchiro akaona haya. Kesho yake akarudia kasi yake, Hondohondo akiwa mtini akilinda.

"Asalamu aleikum, Bi Nguchiro. Kule juu..."

"Waaleikum salamu, babu! Panzi wako hao!"

Hondohondo akakatizwa. Akavuta pumzi. Akaanza upya.

"Asalamu aleikum, Bi Nguchiro. Kule juu..."

"Shuka ule kwanza, hotuba baadaye!"

Tunu akacheka, kwi kwi kwi. Hondohondo akavuta pumzi, akaanza upya.

"Asalamu aleikum..."

"Lo! Leo tutasalimiana mara ngapi?"

Vuuu! Kivuli kikapita. Pu! Vumbi likatimka. Vumbi lilipotulia, Tunu hayupo. Kwa mbali, mbawa za Tai, pa, pa, pa.

Nguchiro akalia hata sauti ikamkauka. "Babu, ulimwona! Mbona hukupiga ukelele?"

"Nilikungoja umalize, bibi."

Nguchiro akainamisha kichwa. "Nami sikukungoja umalize."

Kwa majuto, hawakusemezana tena mpaka kufa kwao.

Enyi mnaonisikiliza, kila asemaye na ampimie mwenziwe pumzi. Mwepesi angoje, mzito ajihimize. Na hatari ikiingia, adabu ya zamu iwekwe kando, lisemwe neno lenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye la kusema, na aseme, sisi tunangoja.