Kanga Aliyeambiwa Inuka

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa kanga mwenye madoa, na kinyonga mwenye maneno, na kenge mwenye njaa. Leo nikisema "Inuka!" nyie mnijibu "Niende wapi?" Haya. Inuka!

—Niende wapi?

Hivyo hivyo. Wewe wa kule nyuma hujaitika, nimekuona.

Hapo kale aliondokea ndege mmoja kanga, jina lake Bi Madoa. Bi Madoa alitaga chini ya kichaka cha miiba. Mayai yake ya kwanza yaliungua moto wa nyika ulipopita, kwa hiyo haya ya sasa aliyapenda kuliko macho yake. Akayaatamia. Jua likawaka, anaatamia. Mvua ikanyesha, anaatamia. Upepo ukavuma, anaatamia.

Lakini kuatamia kunachosha, jamani. Mguu unakufa ganzi, kifua kinawaka moto, na wenzako unawasikia kule wanachakura na kucheka. Bi Madoa akajigeuza huku. Akajigeuza kule. Moyo ukawa haukai mahali pamoja.

"Wenzangu wanaendelea," akasema. "Mimi nimekaa tu."

Shoga yake Kwale alikuwa akipita, akamsikia. "Shoga, hujaenda kwa Mwalimu Geuka? Yule amenifungua macho!"

"Amekufungua macho ukaona nini?"

"Hilo bado. Ni somo la mbele."

Mwalimu Geuka mwenyewe ni nani? Ni Kinyonga. Alikuwa na tawi lake ng'ambo ya korongo, na chini ya tawi wanafunzi tele. Ada ya somo ni panzi, tena wanono. Siku hizi wenzake wanakodi ukumbi na kupewa kipaza sauti, lakini kazi ni ile ile.

Bi Madoa akayafunika mayai kwa majani, akakimbia. Alipofika, Kinyonga alikuwa kijani kibichi, anang'aa.

"Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota! Wewe bibi, umekaa, utaokota nini? Inuka!"

—Niende wapi?

Ahaa! Nyie mmeuliza. Bi Madoa hakuuliza. Alisikia damu inamchemka, akapiga mbawa na wenzake, akalia kwa furaha. Hata Kenge alikuwepo, kajilaza nyuma kabisa. Mnasema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni? Siku ile alisikia vizuri sana.

Bi Madoa akarudi kiotani. Mayai yamepoa. Akayahesabu, akayahesabu tena. Moja halipo.

Akamkimbilia mwalimu. "Mwalimu, nimeinuka, na yai langu limepotea!"

"Hukuinuka kwa moyo wote," akasema Kinyonga. "Nusu yako imebaki kiotani. Njoo somo la pili. Na panzi waongezeke."

Somo la pili lilikuwa la kugeuka. Kinyonga akawa kahawia, akawa manjano, wanafunzi wakapiga yowe. "Madoa hayo ndiyo yanayokurudisha nyuma, bibi. Jipake majivu. Inuka!"

—Niende wapi?

Maskini, akajipaka. Kutwa anawinda panzi, kutwa anajipaka majivu. Akirudi kuatamia, dakika hatulii, majivu yanamwasha. Na mayai yakazidi kupungua. Akalia, machozi yakachora mistari kwenye majivu.

"Hukugeuka kwa moyo wote," akasema Kinyonga. "Njoo somo la tatu. Ni la kuchakura."

Kwale naye akaguna. "Kuchakura? Shoga, si tunajua?"

"Tunajua," akajibu Bi Madoa, hana raha, shingo inageuka kila upande. "Lakini hatujui siri yake."

Mnacheka? Chekeni. Na nyie mna masomo yenu.

Basi akawa anatafuta panzi wa ada. Akamwona mmoja, mnono kweli. Akamrukia, panzi akaruka. Akamfuata, panzi akaruka. Mara ya tatu panzi akatua mlangoni pa kiota cha Bi Madoa mwenyewe. Na ndani ya kiota, nani? Kenge, ute wa yai unamtiririka kidevuni.

"Karibu, Bi Madoa," akasema Kenge, wala hakuona haya. "Lile somo limenifaa. Mwenda bure si mkaa bure. Nimeokota."

Bi Madoa alimvaa kwa makucha, kwa mdomo, kwa mbawa, huku analia kakaka! kakaka! mpaka nyika nzima ikasimama. Kenge akatoka mbio, damu masikioni. Sasa kasikia.

Lilibaki yai moja.

Bi Madoa akalikumbatia. Lilikuwa na baridi. Akalilalia na majivu yake, na uchungu wake, na mguu uliokufa ganzi. Hakujua kama ndani mna uhai. Hakuna kitu kibaya kama kungoja usichojua. Lakini hakuinuka.

Tawini panzi wakaadimika. Kinyonga akashuka, akavuka korongo, na mwendo wake mnaujua. Akafika na njaa.

"Bibi! Bado umekaa?"

"Sikai, mwalimu. Naatamia."

"Ni yale yale."

"Kukaa ni kwa mwenye kiti. Mimi nina yai."

Kinyonga akavimba, akawa mwekundu. "Inuka!"

Bi Madoa akamtazama. "Niende wapi?"

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza hivyo. Kinyonga akageuka kijani. Akageuka manjano. Akageuka mweusi. Akanyanyua mguu kwenda mbele, akaurudisha.

"Umegeuka rangi zote, mwalimu, na bado ni kinyonga. Sema basi, niende wapi?"

Pale pale, chini ya kifua chake, ko! Tena, ko! Yai likapasuka. Kikatoka kifaranga, kimelowa, miguu inatetemeka. Hakikusalimia mtu. Kikaangalia chini, kikachakura, kikafukua panzi, kikammeza mbele ya macho ya mwalimu.

"Nani amemfunza?" Kinyonga akauliza, na sauti ilikuwa ndogo.

"Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura," akasema Bi Madoa. "Wa kanga ndiyo afunzwe?" Kisha akalia, kwa sababu alipaswa kuwa na wengi, naye alikuwa na mmoja.

Tangu siku ile kinyonga akitembea hunyanyua mguu, akasita, akautikisa mbele na nyuma. Bado analitafuta jibu.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye yai akaliatamie, asiye nalo asimwinue mwenzake. Haya, jamani, inuka!

—Niende wapi?

Nyumbani. Mayai yenu yamepoa.