Pikapu Isiyopata Joto

Hapo zamani, tena si ya babu zenu, zamani ya juzijuzi, kule Makete kwenye baridi ya kutafuna masikio, alikuwapo mama mmoja, Sekela, mwenye pikapu. Ilibeba viazi, ilibeba mbolea, ilibeba wagonjwa. Haikupumzika, na mwenyewe hakupumzika.

Siku moja ilimbeba binti yake aliyeshikwa na uchungu. Katikati ya mlima, injini ikachemka. Binti analia, mama analia, dereva Tweve anazunguka gari tu! Fundi Mbogela, aliyepanda nyuma, akafungua, akachomoa themostati, kile kidude kinachozuia maji ya radieta mpaka injini ipate joto.

"Imekwama hii. Jaza maji, twende! Lakini Tweve, nunua nyingine tuirudishe. Kwa baridi ya huku, injini isiyopata joto inajila yenyewe."

Wakafika. Mtoto akazaliwa mzima.

Je, Tweve alinunua? Thubutu! Gari halichemki tena, ya nini? Na kila asubuhi Sekela yuko mlangoni: "Washa, ondoka! Soko halimngoji mtu!" Injini bado ya baridi, inapandishwa mlima na magunia. Ikaanza kula oili. Ikatoa moshi. Ikagonga. Mwaka haujaisha, ikafia njiani na viazi vya kijiji kizima.

Injini nyingine haipatikani bila mtu kukata shamba lake la miti, auze mbao. Na kila mmoja wa watatu hao ana shamba moja tu, ndiyo ada ya shule ya watoto wake.

Sekela akawaka: "Akate fundi! Ndiye aliyechomoa. Tena oili ulikuwa unabadilisha wewe Mbogela, ukaona inavyoisha, ukanyamaza!"

Mbogela akajibu: "Nilisema, mkasikia wote. Na huyo mjukuu uliyembeba mgongoni, mama, bila mimi angekuwapo? Akate dereva niliyemwagiza."

Tweve akaruka: "Nilipuuza, sikatai. Lakini hata ningeirudisha hiyo themostati, injini ingepata joto saa ngapi, nawe mama unanifokea mlangoni? Akate mwenye gari."

Sekela akadakia: "Usukani ulishika wewe! Ungekataa!"

"Ningekataa, ningekula wapi?"

Wanabishana mpaka sasa, na viazi vinaoza. Mimi roho hainitulii, kila nikimhukumu mmoja namwona mwenzake. Haya, msinitazame mimi: miti ya nani ianguke?