Ngongoti na Mpira wa Chini

Kitu kikibingirikia chini ya kitanda, hakitoki kwa kuamriwa na mtu aliyesimama wima. Maneno haya Ngongoti aliyasikia tangu utotoni, yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Jina la Ngongoti alipewa na wenzake kwa urefu wake. Katika timu ya watoto ya besiboli, hakuna msichana wala mvulana aliyemfikia kwa kurusha. Mpira ukitoka mkononi mwake ulifika kituo cha kwanza mkimbiaji akiwa bado njiani, naye akatolewa. Shida ilikuwa kudaka. Mpira wa chini ulipomjia, alibaki wima, akateremsha glavu kama mtu anayetia ndoo kisimani. Mpira ukapita katikati ya miguu.

"Tobo!" wenzake wakaangua kicheko.

Kocha wao alikuwa shangazi yake, fundi cherehani asiyejua kupendelea. Siku moja mazoezini akafunga kamba usawa wa kiuno kati ya nguzo mbili.

"Kila mtu adake chini ya kamba hii. Kunjeni magoti, glavu iguse vumbi, mkono wa pili uufunike mpira."

"Shangazi, nichutame kama chura? Watanicheka!"

"Hapa mimi ni Kocha. Kwani sasa hawakucheki? Asiyeinama, Jumamosi atakaa benchi."

Maneno hayo yalimchoma. Mechi ya Jumamosi ndiyo aliyoingoja kwa hamu, na baba yake alikwishaomba ruhusa kazini aje kumwona. Akainama. Mpira wa kwanza ukamgonga kidole, wa pili ukamponyoka. Jioni mapaja yalimuuma hadi akashuka ngazi kinyumenyume. Loo! Lakini kesho yake alirudi chini ya kamba.

Jumamosi akapangwa. Mwishoni timu yake iliongoza kwa pointi moja. Mpinzani mmoja tu akitolewa, mchezo umekwisha. Mpira ukapigwa, ukaja ukikwaruza ardhi. Ngongoti akashuka, vumbi likamjaa mdomoni. Akaudaka, akaufunika, akainuka, akaurusha kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika.

"Nje!" mwamuzi akapaza sauti.

Baba mtu alimkuta ana vumbi hadi kwenye nyusi. "Mwanangu, leo mbona umekuwa mfupi?"

"Kidogo tu, baba," akajibu, furaha imemjaa tele.

Shangazi mtu alicheka, akaendelea kukusanya glavu. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata awe mrefu kama Ngongoti.