Ngiri Atoza Kiingilio Dimbwini

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa au miayo? Wewe uliye nyuma na muhogo mdomoni, tafuna kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, si kale sana, maana geti la mbuga lilikuwa limeshajengwa, aliishi Ngiri. Shimo lake lilikuwa karibu na geti hilo. Kila siku aliona magari yakija, vuuu, yakisimama. Watu wanalipa kiingilio. Ule mti unaoziba njia getini unainuka, gari linapita. Na wakishaingia wanatazama nini? Makalio ya pundamilia. Wanatazama, wanafurahi, wanapiga picha.

"Kumbe kuingia ni biashara," Ngiri akasema.

Wakati huo ulikuwa kiangazi. Mito imekauka, limebaki dimbwi moja tu. Ngiri akaenda akasimama kwenye njia ya dimbwi, akaunyoosha mkia wake ukaziba njia. Mti wa geti hana, mkia anao.

"Kiingilio," akasema. "Mwenyeji kiazi kimoja. Mgeni viazi vitatu."

Twiga akaja. "Mimi mwenyeji."

"Ulizaliwa dimbwini?"

"Nizaliwe dimbwini, mimi chura?"

"Basi mgeni."

Twiga, na miguu yote ile, akaenda kuchimba viazi. Akachimba, akateleza, tifu! Akachimba tena, tifu! Nyumbu akalipa. Nyati akalipa huku amenuna. Kila aliyelipa, mkia wa Ngiri ulisimama wima, twii, akapita, mkia ukashuka. Na tumbo la Ngiri likajaa, ndi!

Kisha akaja Mama Kanga na vifaranga wake. Wadogo, koo zimekauka, hata kulia hawawezi. Nyinyi mnaocheka, hapa msicheke. Mtoto mwenye kiu hachekeshi.

"Kaka Ngiri," Kanga akasema, "mimi nachakura juu juu tu, kiazi sikifikii. Wapitishe watoto wanywe."

"Kiingilio."

"Pale getini watu wanalipa, lakini kuna askari wanazunguka kumfukuza jangili. Kiingilio chako kinafanya kazi gani?"

Ngiri akajipapasa tumbo. "Kinafanya kazi humu."

Kanga akafikiri. Akageuka, akaanza kwenda kinyumenyume, na vifaranga nyuma yake, yaani mbele yake, hata mimi nimechanganyikiwa.

"Sisi hatuingii," akasema. "Tazama midomo yetu inakoelekea. Tunatoka."

"Kinyumenyume ni kuingia pia," Ngiri akasema. "Mkia ukiingia, mwenyewe kaingia."

Kanga akawachukua wanawe, akaenda kukaa kivulini, mlangoni mwa shimo la Ngiri, machozi yakimlengalenga.

Jua likapanda. Ngiri, shibe imemlevya, akafumba macho palepale njiani. Akasikia kishindo, kwata kwata kwata, wanyama wote wanakimbia. Hakufumbua. Akasikia hatua nyingine, za polepole, zinakuja.

"Mwenyeji au mgeni?" akauliza.

"Mwenye njaa," sauti ikajibu.

"Sawa. Mwenyeji kiazi kimoja."

"Viazi sili."

"Sikukuuliza unachokula," Ngiri akasema, akafumbua jicho moja. Simba.

Mkia ukapanda, twii! Ngiri huyo, mbio, pu pu pu, tumbo linaburura vumbi. Akafika shimoni kwake. Akakuta bawa limenyooshwa mlangoni.

"Kiingilio," Kanga akasema.

"Mama Kanga, hili shimo langu."

"Ulilichimba wewe?"

"Alilichimba Muhanga, yule mla mchwa."

"Basi mgeni. Viazi vitatu."

"Nimekula vyote."

Vumbi la Simba likaonekana. Ngiri akageuka upesi, akaelekeza makalio shimoni. "Siingii, mama. Natoka."

"Asubuhi ulisema kinyumenyume ni kuingia pia."

"Nilikosea."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa natoka?"

"Ulikuwa unatoka."

"Na wanangu?"

"Walikuwa wanatoka, mama, wanatoka hata sasa, inua bawa!"

Kanga akainua bawa. Vifaranga wakatangulia ndani, Ngiri akajisukuma kinyumenyume, Kanga akarukia juu ya mgunga. Simba akafika, akaingiza pua shimoni. Akakutana na meno, maana makalio ya Ngiri yalikuwa ndani na meno yamebaki mlangoni. Chwi! Yakamchoma pua. Simba akapiga chafya, akasonya, akaenda kutafuta chakula kisicho na geti.

Jioni vifaranga walikunywa maji mpaka wakashindwa kutembea sawasawa. Ngiri aliwasindikiza mwenyewe, mkia juu njia nzima.

Ndiyo maana mpaka leo Ngiri huingia shimoni kinyumenyume. Na akikimbia, mkia wima. Anawatangazia wote: geti liko wazi, piteni, sitaki kitu.

Basi sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Ukiziba njia ya mwenzako, kumbuka nawe una mlango wa kukimbilia. Na anayetoza kiingilio, atuonyeshe anachokitunza, si tumbo lake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Imetoka kinyumenyume, na haidai kiazi cha mtu.