Pole kwa Familia ya Marehemu

Kaeni, wapendwa. Akina mama mliosimama nyuma na watoto, njooni mbele, viti vipo. Leo sitapaza sauti. Nina mfano mmoja tu, na nitausema polepole, kwa sababu mimi husema polepole na ninyi mmeshanizoea.

Palikuwa na mtu mmoja aliyetaka kiti katika bunge la kaunti. Jina lake sina, ni mtu wa mfano. Mkimfananisha na mtu mnayemjua, hilo ni lenu.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo mlishike tangu mwanzo. Alikuwa na duka la mabati na misumari, hakunywa pombe, na shida za wadi yake alizijua: maji yanayokatika, na barabara inayokatika kuliko maji. Alitaka kusaidia. Ila kusaidia kunahitaji kura, na kura zinahitaji watu wakusikilize.

Akaanza na mikutano sokoni. Watu walikuja, wakachukua fulana zenye picha yake, wakaenda zao kupalilia wakiwa wamezivaa. Yeye akabaki anawahutubia mbuzi. Rafiki yake aliyesimamia kampeni akamvuta pembeni.

"Mheshimiwa," akamwambia. Walikuwa wanamwita Mheshimiwa kabla hata kura moja haijapigwa, ndivyo tulivyo. "Mheshimiwa, huku tunapoteza muda. Sokoni kila mtu ana lake. Nenda kwenye matanga."

"Matangani nikaseme nini? Marehemu mwenyewe simjui."

"Nani amekuambia umjue? Wewe sema pole. Kijiji kizima kimekaa, kimetulia, na hakuna wa kuondoka kabla ya mwili."

Basi akaenda matangani. Akaenda Ijumaa, akaenda Jumamosi, na palipokuwa na misiba miwili siku moja alihudhuria yote. Akawa fundi wa kazi hiyo. Alijua kufika kwaya ikiwa katikati ya wimbo, ili watu wageuke wamtazame. Alijua kuketi kwenye hema ya wageni, kwenye kile kiti chenye mikono. Na mwongoza ratiba alipomwita, alijua maneno yake kama tunavyojua Baba Yetu:

"Itifaki imezingatiwa. Natoa pole zangu za dhati kwa familia ya marehemu. Familia hii naijua vizuri. Ndugu zangu, mimi leo sikuja hapa kufanya siasa. Lakini..."

Mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnajua baada ya hiyo lakini hufuata nini. Nani kati yetu hajaisikia akiwa amekaa juani, mwili uko mbele yake, na tumbo linauma kwa njaa?

Akimaliza, anashika mikono miwili mitatu ya wafiwa. Jeneza likiinuliwa kwenda kaburini, gari lake nalo linawaka, maana ng'ambo ya mto kuna msiba mwingine. Kaburi hakuliona. Alizika nusu ya wadi asilione kaburi hata moja.

Mtu huyu alikuwa na mama yake mzazi, mzee, anayeishi peke yake kule juu mlimani. Siku moja alipita kumsalimu akitoka kwenye mazishi. Mama akampa chai, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mwanangu, unatoka wapi?"

"Kuzika, mama."

"Na jana?"

"Jana pia tulizika."

Mama akanywa chai yake. "Unazika watu wengi, na viatu vyako visafi."

Mwana akacheka. "Mama, mimi ni mgombea, si mchimba kaburi."

"Sawa, baba. Mimi siijui siasa. Lakini siku yangu, utakuja kama nani?"

"Mama, hayo yaache. Wewe bado upo sana."

"Nipo," mama akasema. "Nimeuliza tu. Kunywa chai, inapoa."

Wapendwa, wazee wetu wakiuliza jambo na kusema wameuliza tu, tuwe na hofu kidogo.

Uchaguzi ulipokaribia, asubuhi moja yule mama aliamka, akawasha moto, akaketi kuupuliza, asiinuke tena.

Mwana akalia. Nasema alilia, nisije nikasikia mtu akitoka hapa akisema mchungaji amewatukana wanasiasa, kwamba hawana machozi. Alilia kama mtoto. Lakini siku ya mazishi ilipofika, hema zikaja zilezile za kampeni, zenye picha yake, kwa sababu hizo ndizo alizokuwa nazo. Umati ukaja, mkubwa kuliko mkutano wowote. Na yule rafiki yake akamnong'oneza, "Mheshimiwa, Mungu anisamehe, ila leo wadi nzima ipo hapa. Sema maneno machache tu. Na wale wa ng'ambo ya mto nimewaambia tutawahi saa tisa."

Dada zake walikuwa kwenye benchi la wafiwa, karibu na jeneza, wamejifunga leso, wamemwachia nafasi katikati. Yeye miguu ilimpeleka kwenye hema ya wageni. Akaketi kwenye kiti chenye mikono. Hakukusudia. Miguu ilizoea.

Mwongoza ratiba akamwita. Akasimama. Usiku kucha hakulala, macho mekundu, kichwa kizito. Akapokea kipaza sauti, akatafuta neno la kusema juu ya mama yake, neno lisije. Ulimi ukashika njia uliyoijua. Akasema:

"Itifaki imezingatiwa. Natoa pole zangu za dhati kwa familia ya marehemu. Familia hii naijua vizuri..."

Akanyamaza. Wachache walicheka, kisha wakaona aibu. Ndipo mama yake mdogo, dada wa marehemu, aliyekuwa chini kwenye mkeka, akainua uso. Hakupaza sauti. Lakini kimya kilikuwa kikubwa na kila mtu alimsikia.

"Mwanangu," akasema, "familia ni wewe."

Mnaona alikofikia mtu huyu? Amewapa pole watu wote mpaka akafika kwa mama yake mwenyewe kama mgeni.

Alimrudishia mwongoza ratiba kipaza sauti chake. Akatoka kwenye hema, akapita mbele za watu wote, akaketi kwenye ile nafasi kati ya dada zake. Jeneza lilipoinuliwa, gari lake halikuwaka. Akaenda nalo kwa miguu. Nanyi mnajua desturi yetu: mwana wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza, na wenye msiba hawaondoki mpaka tuta lisimame. Akatupa udongo wa kwanza. Kisha akavua koti, akawaomba vijana koleo, akaanza kufukia. Jasho likamtoka, na udongo mwekundu ukampanda viatuni mpaka kwenye soksi.

Rafiki yake akaja mbio. "Mheshimiwa, saa tisa hii. Wale wa ng'ambo ya mto wanatungoja."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Waambie nimefiwa."

Mfano wangu umeishia hapo.

Lakini nawaona. Mnanitazama mnataka kuuliza: je, alishinda? Alikipata kile kiti? Tazameni basi. Nimewapeleka mpaka kaburini kwa mtu na mama yake, nanyi mmesimama ukingoni mnahesabu kura. Tusimcheke sana yule bwana. Sisi ni ndugu zake.

Tena, kipaza sauti hakujipa mwenyewe. Nani alimpa? Hema ya wageni ilifungwa na nani, na nani alichagua kile kiti chenye mikono akakipangusa vumbi? Ni sisi. Kura yako ni yako, mpe unayemtaka, mimi sikutumwa kukuchagulia. Nimetumwa kukuuliza swali la yule mama. Siku ya mwenzako, unakwenda kama nani?

Kwa maana tumekuwa hodari wa pole. Mtoto wa jirani amekaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo, tunasema poleni familia ile. Ndugu tuliyeimba naye kwaya hajaonekana tangu mavuno, tunamtaja kwenye maombi, tunasema Bwana awatie nguvu watu wa nyumba yake. Watu gani? Nyumba gani? Tulibatizwa wapi sisi, kama si katika nyumba moja? Mama mdogo yupo kwenye mkeka anatutazama. Familia ni sisi.

Na Mungu, yeye alifanyaje? Angeweza kututumia salamu za rambirambi kutoka juu, zikasomwa, tukapiga makofi. Hakutuma salamu. Alikuja mwenyewe akazaliwa wa ukoo huu, akawa mtu wa kufiwa. Alipofika kwa wale dada wawili waliompoteza kaka yao, hakuulizia hema ya wageni. Aliuliza kaburi liko wapi, akaenda huko, akalia. Na kwa kuwa alikwenda mpaka kaburini, ndiyo maana kaburi halina neno la mwisho juu yetu. Ninalisema bila kusita.

Ninyi mnajua kwamba mwaka huu nimemzika mama wa watoto wangu. Hotuba zilikuwa nyingi na zilikuwa nzuri, nawashukuru waliozitoa. Sikumbuki hata moja. Nakumbuka koleo. Nakumbuka sauti ya udongo, kwanza ukigonga mbao, halafu ukiangukia udongo mwenzake, na kwamba waliokuwa wakifukia hawakuwa na haraka. Mmoja wao yumo humu ndani sasa hivi na ameinamisha kichwa, simtaji. Aliyelala pale ataamka, nami nitamwona. Lakini mpaka siku hiyo, ninalala vizuri zaidi kwa sababu ya mtu aliyebaki mpaka tuta likasimama.

Sasa nimalizie na tangazo, na tangazo hili ni sehemu ya mahubiri. Yule mama Kadzo, aliyekuja huku zamani kwa kibarua cha mkonge asirudi kwao tena, amelala jana. Hakuzaa, na kwao hatumjui mtu wa kumpigia simu. Tutamzika Alhamisi, saa nne, kwenye kiwanja cha kanisa. Nimeulizwa mara mbili tangu asubuhi, mchungaji, familia yake ni nani?

Hakutakuwa na hema, wala kipaza sauti. Koleo ziko nyuma ya kanisa, zimeegemezwa ukutani.