Kidonge cha Ambakisye

Soma mpaka mwisho kwanza. Usikimbilie kuandika "Amina" na kurusha kwenye kundi lingine.

Kulikuwa na fundi wa kuchomelea mageti, jina lake Ambakisye. Alianza kuchoka ovyo, akakonda, tumbo likamvimba upande wa kushoto. Alipopimwa akaambiwa ana saratani ya damu, ile inayokwenda polepole.

"Haitoki mwilini," daktari alimwambia. "Lakini meza kidonge hiki kila siku, hata ukijisikia mzima, na uje tupime damu. Unaweza kuzeeka nayo."

Na kweli jamani, dawa ilimkubali. Mwili ukarudi, akashika kazi yake. Mkewe, Atupele, ndiye pekee aliyejua.

Kisha mama yake Ambakisye akaja kukaa nao. Mama yule ana mdomo! Akimwona jirani kashika pakiti ya vidonge tu, anacheka: "Huyo kakanyaga miwaya, UKIMWI huo."

Ambakisye akaingiwa na woga. Akavificha vidonge vyake, akaacha kumeza.

"Baba Lusajo, si umwambie mama ni saratani?" mkewe alimsihi.

"Saratani ya damu? Akisikia damu, akisikia vidonge vya kila siku, basi, kwake nina UKIMWI. Jumapili kanisa zima litajua."

"Basi meza huko huko karakana."

"Mafundi wenzangu nao wana macho. Niache, Mama Lusajo. Kwani huoni nina nguvu? Akiondoka nitaendelea."

Nguvu! Zilikuwa nguvu za dawa hizo, mpumbavu yule. Namwita mpumbavu kwa sababu alikuwa rafiki yangu na nilimpenda.

Mama hakuondoka. Miguu ilimsumbua, akakaa msimu mzima wa mvua. Atupele akisihi, anajibiwa kesho.

Siku moja Ambakisye akaanguka karakana, mwili unawaka homa, damu inamtoka puani haikatiki. Hospitalini daktari alisoma majibu, akashusha pumzi.

"Ugonjwa umebadilika, umekuwa mkali. Kile kidonge hakiuwezi tena."

Atupele akashindwa kuvumilia. Akamweleza mkwe wake yote, pale pale kando ya kitanda.

Mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kichupa cha vidonge.

"Mimi nina virusi, mwanangu, tangu baba yako afe. Hivi nilikuwa navimeza chooni kwako kila siku, nikiogopa utanifukuza."

"Na yale maneno yako kuhusu majirani, mama?" Ambakisye aliuliza.

"Nilisema ili wasinidhanie mimi."

Ambakisye akageukia ukutani. Hakusema naye tena mpaka tulipomzika.

Siku hizi mama yake anameza dawa zake sebuleni, mbele ya wageni, na akiulizwa anajibu bila kupepesa macho. Watu wanamsifu eti jasiri. Mimi inanitia hasira hata kumtazama. Angefanya hivyo siku ile ya kwanza, leo mwanawe angekuwa anachomelea mageti.

Funzo: Meza dawa yako hata kama dunia nzima inakutazama. Na wewe unayewacheka wanaomeza vidonge, hujui ni nani wa nyumbani kwako anayekusikia na kuviacha vyake.